Pumzi Tuliyopimiwa

Ukitoka Goma kuelekea Sake, kaskazini mwa Ziwa Kivu, unapita juu ya mawe meusi ya volkano, makavu, yenye ncha, ambayo zamani yalitiririka kama uji wa moto. Katikati ya mawe hayo kuna mabonde madogo, mengine hayazidi ukubwa wa kiwanja cha nyumba, na humo nyasi huota. Mbuzi akiziona nyasi hizo hushuka. Asubuhi mwenyewe humkuta amelala pale pale, hana jeraha, hana alama ya jino. Mara nyingi hayuko peke yake. Yupo panya, yupo nyoka, yupo ndege aliyetua kudonoa wadudu, na yupo mbwa aliyefuata harufu ya mizoga naye akawa mzoga.

Wenyeji huyaita mabonde hayo mazuku. Ni neno la Kiswahili cha Kivu, maana yake upepo mbaya, upepo unaoua. Wataalamu wa volkano walipofika huko na vipimo vyao hawakulitafutia jambo hilo jina jingine. Leo neno mazuku limo katika maandishi yao ya lugha za Ulaya, vile vile kama linavyotamkwa na mama anayemkataza mwanawe asichezee bondeni. Wasemaji wengi wa Kiswahili hawana habari kwamba lugha yao imeipa sayansi neno hili, na nafurahi kulisema hapa.

Kinachoua ndani ya mazuku ni hewa ukaa, ambayo wakemia huiita kabonidioksaidi. Huvuja kutoka tumboni mwa ardhi kupitia nyufa za milima ya moto ya Nyiragongo na Nyamulagira. Haina rangi, na uzito wake ni mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama mabondeni kama maji yasiyoonekana. Usiku upepo ukitulia, bonde hujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, hutawanyika. Mtu mzima anaweza kuvuka akiwa wima, kichwa chake kikiwa juu ya ziwa hilo la hewa, asihisi kitu, huku mtoto aliyemshika mkono amezama ndani yake. Naye mtu mzima akiinama kuokota kuni, hali yake ni ile ile ya mbuzi. Usiku wa Agosti 21, 1986, Ziwa Nyos la Kamerun lilitapika hewa hiyo hiyo kwa wingi, ikateremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na maelfu ya mifugo, wengi wakiwa usingizini.

Sasa lipo jambo ambalo kila nikilifikiri huniinamisha kichwa. Hewa hiyo iliyomuua mbuzi wa Sake, naitengeneza mimi mwilini mwangu saa hii ninapoandika, nawe unaitengeneza unaposoma. Tena si uchafu tu wa kutupwa. Bila hiyo hewa, mimi na wewe tungesahau kupumua.

Tazama vipimo. Hewa iliyotuzunguka ina nitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, agoni karibu 1, na hewa ukaa kidogo mno, kama asilimia 0.04. Hiyo ndiyo tunayovuta. Tunayoitoa imebaki na oksijeni kama asilimia 16, na hewa ukaa imepanda hadi 4, yaani mara 100 ya ile tuliyoivuta. Ndani ya mazuku inaweza kupita asilimia 10, na hapo mtu hupoteza fahamu kwa dakika chache. Ikifika 30, pumzi chache tu zinatosha. Kati ya uhai na mauti hakuna sumu ngeni iliyoletwa kutoka kwingine. Tofauti ni kipimo.

Ikiwa umekaa mahali salama, bana pumzi yako kidogo. Sekunde 20 za kwanza ni nyepesi. Zikifika 40, kifua kinaanza kukusukuma na kiwambo kinarukaruka chenyewe. Kabla ya dakika mbili wengi wetu tumeshaachia, tunahema. Tunadhani oksijeni imekwisha. Sivyo, bado imo tele katika damu. Kilichopiga kengele ni hewa ukaa iliyozidi kidogo. Kwenye shina la ubongo, juu ya kisogo, wapo walinzi wanaoonja uchachu wa majimaji yanayouzunguka ubongo. Hewa ukaa ikiongezeka uchachu huongezeka, nao huamuru kifua kivute. Hufanya hivyo usiku kucha umelala fofofo, hufanya hivyo ukiwa mgonjwa hujitambui, na walianza kufanya hivyo kabla hujajua jina lako. Kwa kazi yao hiyo, pamoja na ya figo, uchachu wa damu ya mtu mwenye afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45 katika kipimo cha maabara, maisha yake yote. Nani angeweza kujipimia hivyo kwa hiari yake mwenyewe, hata kwa saa moja?

Mwaka 1905 mwanasayansi wa Uskoti, John Scott Haldane, pamoja na mwenzake John Gillies Priestley, walionyesha kwamba hewa ukaa ndiyo hasa inayoongoza mwendo wa pumzi zetu. Haldane alikuwa mtu wa kujitoa. Alizoea kujifungia ndani ya sanduku lisilopitisha hewa na kuandika mabadiliko ya mwili wake mwenyewe mpaka anashindwa kuandika. Mkumbuke mtu huyu, kwa maana tutakutana naye tena.

Vijana wa pwani wanaoshindana kuzamia wanapaswa kulijua jambo hili. Wapo wanaopumua harakaharaka kabla ya kujitupa majini, wakiamini wanajaza oksijeni. Oksijeni haiongezeki kwa kiasi cha maana, maana damu ilikuwa imeshajaa. Kinachotokea ni kwamba hewa ukaa inapungua na mlinzi analala. Kijana anakaa chini ya maji, hasikii kiu ya hewa, oksijeni inaisha kimyakimya, na anazimia huku akijiona yuko sawa. Mwanao akipenda bahari, mwambie hivyo leo.

Na hewa ukaa ina utumishi mwingine ndani ya damu, ambao mimi nauona ni mzuri kuliko yote. Chembe moja nyekundu ya damu imebeba molekuli kama milioni 270 za himoglobini, na kila himoglobini ina nafasi nne za kupakia oksijeni. Ni kama hamali bandarini mwenye mabega manne. Lakini hamali huyu atajuaje mahali pa kushusha mzigo? Mwili ni mpana, na si kila kiungo kina njaa sawa. Ubongo peke yake, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hula takriban moja ya tano ya oksijeni yote. Mwaka 1904 Christian Bohr wa Denmark, pamoja na wenzake, alieleza jibu. Msuli unaofanya kazi hutoa hewa ukaa. Hewa ukaa hiyo ikiigusa damu inayopita, himoglobini hulegeza mkono na kuachia oksijeni. Yaani kiungo kilichochoka zaidi ndicho kinachotoa hewa ukaa zaidi, na ndicho kinachoshushiwa mzigo zaidi. Taka ya kiungo ndiyo barua ya maombi yake. Mguu wa mama anayepanda kilima na ndoo ya maji kichwani unahudumiwa kwa kadiri ya taabu yake, bila kulalamika kwa yeyote.

Mahali pa kupakia mzigo huo ni mapafu, nayo yamekunjwa kwa ufundi. Ndani yake mna vifuko vya hewa zaidi ya milioni 300, vidogo kama vumbi. Ukivikunjua vyote na kuvitandaza, vingefunika mita za mraba kama 70, sakafu ya nyumba nzima ya familia, na vyote vimeingia ndani ya kifua kinachofunikwa na shati moja. Ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kuliko sehemu ya elfu ya milimita. Chembe nyekundu hupita hapo kwa robo tatu za sekunde tu ukiwa umetulia, na katika muda huo huwa imeshatua hewa ukaa na kupakia oksijeni, nafasi ikabaki. Tunapumua hivyo mara 20,000 hivi kwa siku. Kiswahili kililiona hili mapema, kikatoa neno pumzika katika shina lile lile la pumzi, kana kwamba mababu walijua kwamba kila pumzi ni kituo kidogo cha safari.

Mwanangu wa kwanza alipozaliwa nilikuwa nje ya mlango wa chumba cha kujifungulia, nimekalia benchi la mbao. Nilimsikia mkunga akisema, "Haya mama, huyu hapa," kisha kikaja kimya. Sijui kilikuwa cha sekunde ngapi. Najua tu kwamba nilisimama, na mkono wangu ulikuwa umeshika kitasa cha mlango bila mimi kuuamuru. Halafu akalia. Mzee mmoja aliyekuwa akimsubiri binti yake aliniangalia akasema, "Amepokea pumzi." Miaka mingi baadaye ndipo nilipojifunza ni mambo mangapi yalitendeka ndani ya kile kimya.

Mtoto aliye tumboni hapumui. Mapafu yake yamejaa maji. Oksijeni humfikia kupitia kondo la nyuma na kitovu, na kwa kuwa kule ndani ni haba, amepewa himoglobini ya aina yake, inayoshika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama yake. Damu za wawili hao zikikaribiana, ya mtoto huivuta oksijeni kutoka kwa ya mama, na mama humpa. Moyoni mwake kuna kitundu, na karibu na moyo kuna mshipa wa njia ya mkato, vyote kwa ajili ya kuipitisha damu pembeni mwa mapafu ambayo bado hayana kazi. Kisha siku inafika. Anatoka, baridi inamgusa, kitovu kinabanwa. Lazima avute pumzi ya kwanza, na hakuna pumzi ngumu kuliko hiyo, kwa sababu vifuko vyote vimeloa na kushikana kama mfuko wa plastiki uliolowa. Anavuta. Maji yanarudi nyuma na kunyonywa, hewa inaingia, mishipa ya mapafu inafunguka, damu inakimbilia huko, na kwa nguvu ya damu hiyo hiyo mlango wa kile kitundu cha moyoni unajifunga. Ile njia ya mkato nayo huziba katika siku chache zinazofuata. Ramani ya damu iliyotumika kwa miezi tisa inabadilishwa ndani ya dakika, safari ikiendelea, moyo haujasimama.

Na vile vifuko, mbona havishikani tena anapotoa pumzi? Kwa sababu vimepakwa ute mwembamba wa mafuta na protini, unaofanya kazi kama sabuni inayolegeza maji. Madaktari huuita safaktanti. Mtoto huanza kuutengeneza mimba ikiwa ya wiki 24 hivi, na huwa wa kumtosha karibu na wiki ya 35. Kwa hiyo mtoto njiti huweza kuzaliwa na viungo vyote kamili, vidole kumi, kope, kucha, akakosa ute huo tu, na pumzi ikamshinda. Daktari Mary Ellen Avery wa Marekani na mwenzake Jere Mead ndio waliogundua mwaka 1959 kwamba watoto waliokufa kwa shida hiyo walipungukiwa na ute huo. Agosti 1963 Rais John F. Kennedy wa Marekani alipata mwana, Patrick, aliyezaliwa zaidi ya wiki tano kabla ya wakati. Baba yake angeweza kumwita daktari yeyote duniani. Mtoto aliishi saa 39.

Msaada ulitoka kwa kondoo. Graham Liggins, daktari wa Auckland, New Zealand, alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu wa kuzaa, akiwadunga kondoo homoni za steroidi. Wanakondoo walizaliwa mapema mno, mapema kiasi kwamba mapafu yao hayakupaswa kufunguka. Yakafunguka. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie walitangaza matokeo ya kuwadunga kina mama dawa ya jamii hiyo, na watoto wao wakapumua vizuri zaidi. Leo, mama anayeshikwa na uchungu wa mapema hospitalini hudungwa sindano hiyo, mara nyingi deksamethasoni, dawa ya bei ndogo. Ndugu msomaji mjamzito, ukiona dalili za uchungu kabla ya wakati usikae nyumbani ukisubiri upoe. Saa chache tu zinaweza kumpa mwanao ule ute.

Biblia na Kurani zote mbili zinasimulia kwamba Muumba alimpulizia mtu wa kwanza. Sitaki kuigeuza habari hiyo kuwa somo la baiolojia, kwa kuwa ina kina chake. Lakini nikimwona mtoto mchanga akibadilika rangi kutoka buluu hadi waridi, mdomo kwanza, kisha kifua, na vidole vya miguu mwisho, siwezi kuwaza jambo lingine.

Kipimo cha pumzi tulichopewa kina mipaka juu na chini. Juu ya Kilimanjaro, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, oksijeni bado ni asilimia 21, ila hewa yenyewe imekuwa nyepesi na kanieneo lake ni kama nusu ya lile la Tanga. Wagumu, wale wapagazi wa mlimani, hupanda na mizigo ambayo wageni hawawezi kuibeba hata wakiwa Moshi mjini, nao hawaachi kumwambia mgeni, "Polepole." Wana haki. Anayekimbilia juu bila kuupa mwili siku za kuzoea huumwa kichwa, hutapika, na mapafu yake yanaweza kujaa maji. Mwili ukipewa muda, figo huhisi upungufu na kutuma homoni kwenye uboho ili chembe nyekundu ziongezwe. Wanariadha wanaoishi Iten, Kenya, karibu mita 2,400 juu, wanaijua faida yake. Lakini tumbusi wa Rüppell, yule anayetaga kwenye magenge ya Hell's Gate karibu na Naivasha, amepewa zaidi. Novemba 29, 1973, mmoja wa jamii yake aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, katika kimo cha mita kama 11,300, juu kuliko Everest. Mapafu ya ndege hayavuti na kutoa kwa njia moja kama yetu. Hewa hupita ndani yake ikielekea upande mmoja, mbichi wakati wote, hata anaposhusha pumzi.

Chini baharini mambo hugeuka. Kila mita 10 za kina huongeza uzito sawa na wa anga lote lililo juu yetu, na nitrojeni, ambayo nchi kavu huingia na kutoka mapafuni bila kutufanya lolote, husukumwa ndani ya damu na mafuta ya mwili. Mzamiaji wa mtungi aliyekaa chini muda mrefu, akipanda haraka, nitrojeni hiyo hutoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla. Viungo humuuma, miguu hufa ganzi, wengine hupooza. Huo si upepo mchafu wa baharini, ni ugonjwa wenye jina na tiba, na mgonjwa anahitaji oksijeni na daktari siku hiyo hiyo. Haldane, yule yule, alitoa mwaka 1908 majedwali ya kwanza ya kumpandisha mzamiaji kwa vituo.

Kuna gesi nyingine ambayo hata wanasayansi hawakuitarajia mwilini. Naitriki oksaidi inajulikana kwa ubaya: hutoka kwenye mabomba ya moshi ya magari na hushiriki katika kuchafua hewa ya miji. Katika miaka ya 1980 ikathibitika kwamba kuta za mishipa yetu ya damu huitengeneza zenyewe, kiasi kidogo sana, nayo huishi kwa sekunde chache tu. Katika sekunde hizo huuambia mshipa utanuke, damu ipite. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa ugunduzi huo. Alfred Nobel mwenyewe alitajirika kwa baruti ya dainamaiti iliyotengenezwa kwa naitrogliserini, na uzeeni moyo ulipomsumbua madaktari walimwandikia naitrogliserini hiyo hiyo iwe dawa. Alikataa kuitumia. Miaka mia moja baadaye, tuzo yenye jina lake ilieleza kwa nini madaktari wake walikuwa na haki: ndani ya mwili, naitrogliserini hutoa naitriki oksaidi. Hata matundu ya mifupa ya uso, kandokando ya pua, hutengeneza gesi hii, ndiyo maana anayevuta hewa kwa pua hupeleka kidogo yake mapafuni kila pumzi.

Nimeiacha moja makusudi, kwa sababu ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote. Inaitwa kabonimonoksaidi. Huzaliwa mkaa, kuni au mafuta yanapowaka kwa hewa isiyotosha. Himoglobini, yule hamali wetu mwaminifu, huishika gesi hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko anavyoishika oksijeni, na hataki kuiachia. Mabega yake yakishajaa, oksijeni inapita pembeni haina wa kuibeba, na hata ile chache iliyopakiwa haishushwi. Haldane alilithibitisha hili mwaka 1896 alipokagua maiti za wachimba makaa ya mawe wa Tylorstown, Wales, baada ya mlipuko. Wengi wao hawakuuawa na moto, waliuawa na gesi hii. Ndiye aliyeshauri wachimbaji washuke na ndege wadogo kwenye vizimba, kwa kuwa ndege hupumua kwa kasi na huanguka kabla ya mtu. Migodi ya Uingereza iliendelea na desturi hiyo mpaka mwaka 1986.

Sasa unganisha na yale ya mwanzo. Kengele yetu hupigwa na hewa ukaa. Anayevuta kabonimonoksaidi bado anatoa hewa ukaa yake kama kawaida, kifua hakibanwi, hahemi, hasikii kukabwa. Gesi haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma kidogo, kichefuchefu kinakuja, anadhani ni malaria au chakula cha jioni. Akitaka kusimama, miguu haimbebi. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni kwa mwanga, hudanganyika na kuonyesha namba nzuri, kwa maana damu iliyobeba gesi hiyo ni nyekundu vile vile. Mjamzito huweza kuamka, mtoto wa tumboni asiamke, kwa kuwa himoglobini ya mtoto huishika gesi hii kwa nguvu zaidi.

Na la ajabu ni kwamba hata kabonimonoksaidi mwili huitengeneza kidogo, pale unapozivunja chembe nyekundu zilizozeeka. Hata hiyo ina kipimo chake. Ila kwa ile inayotoka jikoni hatukuumbiwa kengele, na nimejiuliza sana kwa nini. Jibu nililonalo ni kwamba moto tuliuwasha wenyewe, na akili ya kuutunza tulipewa pamoja nao.

Bibi yangu wa Lushoto hakusoma kemia. Mwezi wa saba, baridi ya Usambara inapoingia mpaka kwenye mifupa, sisi wajukuu tulilizunguka jiko la mkaa chumbani mpaka mashavu yakawa moto. Moshi ulikuwa umeshaisha, makaa yamekolea, mekundu, mazuri kuyatazama, na hiyo ndiyo saa tuliyoona hakuna hatari. Hiyo ndiyo saa bibi aliyosimama, akafunga khanga vizuri, akalishika jiko kwa tambara na kulitoa uani. Tulilia, "Bibi, baridi!" Alijibu kwa neno moja kila usiku, "Mkaa haulali na watu." Kisha alifungua dirisha kidogo, akatufunika.

Liite jiko, liite mbabula, liite imbabura au sigiri. Ikiwa usiku huu linawaka ndani unamolala, hata kama halina moshi, hata kama limebaki majivu yenye makaa machache, litoe nje kabla hujajilaza. Jenereta nayo isiwashwe ndani ya nyumba wala kibarazani chini ya dirisha. Ukimkuta mtu amezimia kwenye chumba chenye mkaa, fungua milango, mtoe kwenye hewa safi, kisha mkimbize hospitali awekewe oksijeni. Katika hewa ya kawaida, damu huchukua saa nne hadi tano kuipunguza gesi hiyo kwa nusu. Kwa oksijeni safi, huchukua saa moja hadi moja na nusu.